Siku Tuliyoyatupa Mawe ya Zamu

Nyinyi mnaoegesha Landikruza pale stendi ya gari za kukodi Karatu, simu mkononi, mkisubiri jina litajwe kwenye kundi, ule ukuta mfupi mnaoukalia mbele ya duka la Hamadi uliwahi kuwa na kazi. Siku hizi ni wa kukalia tu na kuegemeza chupa za maji. Mimi nikipita naukalia dakika mbili, halafu nainuka, kwa sababu kuna mzee mmoja niliyemnyima kazi kutokea hapo hapo, kisha nikamnyima na ukweli wa kwa nini aliikosa. Wengi wenu hamkumkuta. Anaitwa Mzee Bura.

Niliendesha wageni miaka ishirini na miwili. Usukani nimeuacha nikiwa na arobaini na minne, umri ambao wenzangu wengine ndio wanaanza kunenepa, kwa sababu mgongo ulikataa. Daktari alisema uti umelika kama bushi ya gari. Akanikataza kuendesha ila hakunikataza kutembea, na tangu hapo situlii nyumbani. Mke wangu anasema nimekuwa kama nyumbu, mvua ikinyesha upande wa pili na mimi nimeondoka. Nadandia lori la mnada hadi Arash, siku nyingine Piyaya, nashuka, natembea, nanywa chai kwa watu, narudi. Kila ninapofika nakumbuka gari nililopita nalo, tairi lililopasukia pale, mgeni aliyetapika hapa.

Nianze na siku nilipojiaibisha kwa mara ya kwanza, maana hiyo inachekesha.

Nilikuwa na miezi miwili kwenye kazi. Nimeshuka kreta na wageni wanne waliotaka faru tu, simba hawana habari naye. Mbali kule kwenye nyasi nikaona kitu cheusi. Nikazima injini, nikawaambia kwa sauti ya chini kwamba yule ni faru dume, amelala, tusimsumbue, atainuka. Tukasubiri. Wakapiga picha. Mama mmoja akafuta machozi. Dakika ishirini zikapita, magari mengine matatu yakaja kusimama nyuma yangu kwa kuniamini mimi. Ndipo redio ya gari ikakohoa, na sauti ya Mzee Bura ikaja taratibu, kwa Kiswahili, wageni wasielewe: "Paskali, faru wako amelala tangu dunia iumbwe. Wapeleke wageni kwenye viboko kabla hajaota nyasi mgongoni."

Lilikuwa jiwe. Stendi nzima iliniita Faru kwa mwaka mmoja. Lakini Mzee Bura jioni ile alinikalisha pembeni akanifundisha kuangalia kwa mbali. Alisema usikikazie macho kitu chenyewe, kazia nyasi zilizo mbele yake na ndege walio juu yake. Jiwe halina ndege wanaokula kupe. Na kama huna hakika, waambie wageni huna hakika, watakupenda zaidi.

Mambo mengi ninayoyajua ni yake. Yeye ndiye aliyenikalisha kiti cha pembeni kwenye gari lake akanionyesha namna ya kushuka ule ukingo wa kreta: gia namba moja tangu juu, mguu mbali na breki, uache injini ishike gari. "Breki ni ya kusimama," alikuwa akisema, "siyo ya kushukia." Wale wanaoshuka kwa breki mnanusa harufu yao kabla hamjawaona. Ndiye aliyenifundisha kwamba ukungu ukiwa mzito pale juu asubuhi unashusha kioo na kutoa kichwa nje, kwa sababu lori unalisikia kabla ya kuliona. Na kwamba chakula cha mchana wageni walie ndani ya gari. Mimi nilimruhusu Mjerumani mmoja ale paja la kuku akiwa amesimama nje karibu na bwawa, mwewe akashuka mara moja akaondoka na paja, na kidole kikabaki kinavuja damu.

Sasa niwaeleze ukuta.

Zamani wageni wasio na kampuni, wanaoshuka kwenye mabasi na kulala gesti, walikuja stendi kukodi gari la siku moja. Zamu yao tuliipanga kwa mawe. Kila dereva alikuwa na jiwe lake. Ukifika asubuhi unaliweka mwisho wa mstari juu ya ukuta wa Hamadi, kama akina mama wanavyopanga ndoo bombani. Gari la kwanza likipata wageni, mwenyewe anatoa jiwe lake, yaliyobaki yanasogezwa. Ukienda kunywa supu, jiwe linabaki likikushikia nafasi. Langu lilikuwa kipande cha tofali la kuchoma, sikuwa na akili ya kutafuta kitu kizuri. La Mzee Bura lilikuwa jeusi lenye mshipa mweupe, alilitoa mtoni kwao Endabash, limelainika kwa kushikwa.

Bura alikuwa mwenyekiti wa stendi kwa miaka kumi na moja. Alikuwa mtu mwema na alikuwa na kosa moja. Alikuwa na mpwa wake, Daudi, dereva mvivu mwenye watoto watatu, na jiwe la Daudi lilikuwa na tabia ya kusogea. Mzee anasimama ukutani, anasimulia hadithi ya chui na mpishi, watu wanacheka, na wakati wa kucheka kiwiko chake kinasukuma. Tulikuwa tunaona. Hamadi alikuwa anaona tokea ndani ya duka, na akimaliza kupima sukari anasema kwa sauti, kama anaongea na mizani, "Leo mawe yamepata miguu." Mzee anacheka kwa aibu, analirudisha jiwe nafasi moja, anabakisha moja.

Hivyo ndivyo dhuluma yetu ilivyokuwa. Sasa hivi naiandika naona udogo wake. Wakati ule niliiona kubwa kama mlima Oldeani.

Nilikuwa na kidato cha nne, na pale stendi hiyo ilikuwa elimu ya kutosha kumchanganya mtu akili. Nilianza kuzungumza na wenzangu pembeni, gereji, kwenye supu. Niliwaambia mambo niliyosoma ya wafalme walioangushwa huko Ulaya, na ya hapa kwetu Afrika, wakulima walivyochoka. Nikaandika waraka wa kurasa mbili, kwa mwandiko mzuri. Sikuandika sehemu ya pili ya somo lile, ambayo mwalimu wetu wa historia alituandikia ubaoni kidato cha tatu na kutuuliza kwenye mtihani: kwamba wakishamtoa mfalme, angalieni funguo za gereza zimeingia mfuko wa nani. Swali lile nililijibu vizuri. Nilipata alama za juu kuliko darasa zima.

Siku ya mkutano nilipanda juu ya bampa ya gari langu. Nilisema utawala wa mawe umekwisha. Nilisema sisi si watu wa zama za mawe, watu walicheka na kupiga makofi, na makofi yale, vijana wangu, nilikuwa nayasikia kwenye mbavu. Nilitangaza kwamba zamu sasa zitakuwa kwenye simu, orodha moja, isiyosukumwa na kiwiko cha mtu. Nani ataishika? Wakasema wewe.

Mzee Bura hakubisha. Alisimama karibu na ukuta, kofia mkononi.

"Nimelisogeza, ndiyo," alisema. "Mtoto wa dada yangu huyu. Mmeniona, na mna haki. Nitoeni mimi. Ila ukuta muuache, jamani. Ukuta kila mtu anauona."

Ndivyo alivyosema, wala hakupandisha sauti. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa bado juu ya bampa na sikujua namna ya kushuka bila kufanya jambo, nikaruka chini, nikaenda ukutani, nikachukua jiwe lake jeusi nikalitupa korongoni nyuma ya soko. Wengine wakafuata. Mawe yote yakaenda. Daudi alitupa la kwake mwenyewe, akishangilia kuliko wote.

Hamadi alitoka dukani akaufagia ukuta. Hakuniuzia chai siku ile. Alisema maziwa yameisha, na mimi niliyaona kwenye sufuria.

Mwezi wa kwanza niliishika orodha kwa haki tupu. Naapa. Mwezi wa pili, jamaa mmoja aliyenisaidia kuzungusha waraka alikuwa na mtoto mgonjwa, akaniomba, nikampandisha. Nani angekataa? Hakuna aliyeona, na nilijisikia mwema. Baadaye nikampandisha aliyenikumbusha kwamba alinipigia makofi. Baadaye aliyeniletea mbuzi. Kwenye ukuta ningehitaji kiwiko, hadithi ya chui na uso mkavu mbele ya watu ishirini na mizani ya Hamadi. Kwenye simu nilihitaji kidole gumba.

Halafu kwenye kikao kimoja Mzee Bura alinyoosha mkono. Aliniita mwenyekiti, kwa heshima kabisa, mimi niliyekuwa mwanafunzi wake. Akaomba kama inawezekana orodha ya wiki iwe inabandikwa dukani kwa Hamadi, watu waione. Watu wakanigeukia. Nikasema tutalifanyia kazi. Wiki ile nilimruka mara mbili.

Sikuwa na mpango. Hili nataka mlielewe, kwa sababu siku itakapowafika nanyi hamtakuwa na mpango. Nilikasirika kidogo, nikamruka. Alipokuja kuuliza, niliona haya, na haya ikanifanya nimruke tena ili nisikutane naye asubuhi kwenye geti la Lodoare, la kuingilia kreta. Miezi ikapita. Gari lake likawa linakaa pale, amelifuta vumbi, matairi yanang'aa, na yeye amekaa kwenye ukuta mtupu akisoma gazeti la wiki iliyopita.

Siku moja akanijia. Aliuliza kwa upole kama kuna kosa amefanya, maana wenzake wanakwenda na yeye haitwi. Nilikuwa nimeshika simu. Ningeweza kusema simu imekosea. Badala yake nikamwambia, "Mzee, sitaki kukuficha. Wageni wanalalamika. Wanasema dereva haoni vizuri."

Hakuna mgeni aliyesema hivyo. Niliutunga pale pale nimesimama, kwa mdomo ule ule aliouokoa kwenye redio nilipowaonyesha watu jiwe.

Akajigusa machoni kwa vidole vyake, hivi, kama mtu aliyeambiwa ana tope usoni. Akasema hata yeye alikuwa anahisi. Hakuwa anahisi chochote, nawaambia, alikuwa ananiamini tu. Alikwenda hospitali kupimwa. Daktari akamwambia macho ya mbali ni mazima, labda miwani ya kusomea. Aliporudi alinieleza hayo, nikapata mlango mwingine wa kutokea, nikaufunga mwenyewe. Nikanyamaza. Na yeye akajijibu: "Lakini daktari ananipima ukutani, Paskali. Wageni ndio wananiona barabarani."

Akaanza kuendesha kwa woga. Mtu aliyekuwa akishuka kreta kama anashuka ngazi za kwake, nilimkuta siku moja amesimama nusu ya mteremko, amekaza mikono yote miwili kwenye usukani, breki zinanuka.

Mwisho aliliuza gari kwa mtu wa Mbulu. Siku ya kuliondoa alikuja stendi kuaga. Aliwapa watu mkono mmoja mmoja, na mimi akanivuta pembeni. Akanipa kabari yake ya mti, ile ya kuzuia tairi, aliyoichonga mwenyewe. Akasema maneno ambayo nikiyakumbuka nikiwa kitandani nainuka na kwenda kutembea.

"Wengine walinionea aibu wakanificha. Wewe uliniambia ukweli. Mungu akuzidishie."

Nikapokea kabari. Nikasema asante.

Hakuna aliyenipindua mimi. Hilo huwa linawashangaza watu wanaodhani kila mwovu huanguka. Hakukuwa na kitu cha kuona, kwa hiyo hakuna aliyeona. Nilikaa na orodha ile hadi mgongo uliponitoa, na siku ya kuniaga mlichinja mbuzi, mkanifunga shuka jekundu, mkasema mimi ndiye niliyeleta haki stendi. Baadhi yenu mlikuwepo, mlipiga makofi. Safari hii hayakufika mbavuni.

Mwaka huu, wakati wa mvua za kwanza, nilikuwa Arash kwa rafiki yangu Lekishon, mfugaji, mtu wa rika langu anayependa masimulizi kuliko chai. Nikamwuliza wao wanampataje kiongozi wa rika. Akasema wanamkamata. Wazee wanakubaliana kimya kimya, siku ikifika wanamshika kijana kwa kumshtukiza, maana akijua mapema atakimbia. Cheo kile ni mzigo, akasema, kinakula mtu.

"Na akijileta mwenyewe?"

"Anayejileta tunamwogopa." Akanitazama. "Wewe kule stendi walikukamata?"

"Nilipanda juu ya bampa."

Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Na kwa sababu alicheka, nikamsimulia yote, mara ya kwanza kumsimulia mtu, hata mke wangu hajui. Alipomaliza kusikiliza hakucheka tena. Aliuliza yule mzee yuko hai. Nikasema yuko, Endabash. Anajua? Nikasema hajui, anaamini ni macho.

Lekishon akachukua fimbo yake, akaanza kuinuka kwenda kwa ng'ombe. "Kumbe mpaka leo unamruka," akasema.

Nilikaa wiki mbili kabla ya kwenda. Siku ya kwenda nilipitia korongo la nyuma ya soko. Nikashuka kulitafuta lile jiwe jeusi, mtu mzima mwenye mgongo mbovu, nikichambua kati ya mifuko ya plastiki na maganda ya ndizi. Sikulipata. Mvua za miaka kumi na miwili zimelipeleka zilikolipeleka. Nikaenda mikono mitupu, isipokuwa kabari.

Nilimkuta nje anapukuchua mbaazi na mkewe. Amekonda, nywele zote nyeupe. Alifurahi kuniona, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kama angenifukuza. Mama akaenda kuchemsha chai. Nikaweka kabari chini mbele yake, nikamwambia. Nilisema hapakuwa na mgeni. Nilisema nilikuruka kwa sababu uliomba orodha ibandikwe, na macho yako nilikutungia. Nilitaka kuongeza kwamba nilikuwa kijana, nikakumbuka nilikuwa na miaka thelathini na saba, nikaacha.

Aliendelea kupukuchua. Ganda, mbegu, ganda, mbegu. Bakuli lilijaa nusu kabla hajaongea.

"Miaka kumi," akasema, "mama huyu ananishika mkono tukivuka barabara ya lami."

Nikamwomba msamaha. Aliuliza kama bado wanatumia simu pale stendi. Nikasema ndiyo, ila mshika simu amebadilika. Akauliza kama orodha inabandikwa. Nikasema hapana.

"Basi nenda ukawaambie wao. Mimi umeshaniambia."

Nimekuja stendi mara tatu kuwaambia. Mara zote tatu nimekaa ukutani, mmenipa soda, mkaniita mwenyekiti, nikashindwa. Ndiyo maana naandika, na karatasi hii nimemwomba Hamadi aibandike dukani pale kila mtu anapoiona. Aliisoma yote akiwa amesimama, kisha akaniuzia chai. Karibu yake ameacha nafasi ya karatasi nyingine ya ukubwa uleule. Mnajua ni ya nini. Mshika simu akikataa kuibandika, msipande juu ya bampa ya mtu. Kila mmoja alete jiwe lake.

Mzee Bura alinisindikiza hadi mwisho wa shamba. Chai sikuweza kuimaliza. Tulipofika penye mteremko, akasimama, akanyoosha kidole kwenye kilima cha ng'ambo, mbali sana, juu ya mashamba ya vitunguu.

"Kile cheusi kule juu. Ni ng'ombe au ni jiwe?"

Nikakaza macho. Nikaangalia nyasi, nikatafuta ndege, kama alivyonifundisha. Nikasema ni jiwe.

"Ng'ombe," akasema.

Tulisimama pale bega kwa bega. Upepo ulikuwa unatoka ng'ambo ile. Baada ya muda mrefu kile cheusi kikainua kichwa, kikapiga hatua mbili, kikainama tena kula.

Akaangalia muda kidogo zaidi, mikono nyuma, kama mtu aliyerudishiwa kitu na bado hajui atakiweka wapi. Halafu akageuka kurudi kwenye mbaazi zake.

"Haya, Paskali, tembea taratibu," akasema. "Kwa macho hayo."